Pusete gani kwa mtoto wa Goma? Uliza kwanza shingo yake, kisha mawe ya avenyu yako

Mdogo wangu amezaa, mtoto wa kwanza, msichana, na jamaa yetu mwenye anaishi Bruxelles akamutumia kado: pusete kubwa mu karto, vipande vitatu, na kitabu cha maelezo chenye luga mingi lakini Kiswahili hakuna. Jioni ile tulikua watu saba mu salon hapa Katindo na kila mtu na yake. Mama mkwe wake akasema pusete inalegeza miguu, mtoto anahekwa mu mgongo. Jirani akasema hii kitu nzito auze, anunue ile ndogo ya kukunja kama mwavuli, njo bamama mingi wa mjini wako nayo. Shemeji akasema ya bei kali haiwezi kua mbaya, basi. Mtoto mwenyewe alikua na wiki tatu, kichwa kinaanguka kule unakielekeza, na mu ile maneno yote hakuna hata mtu moja aliongea juu ya shingo yake.

Toka siku ile nimesikia ile mabishano mara mingi, ku baptemu, ku kliniki siku ya kupima watoto kilo, ata mu taxi. Kila mama anajibiwa kitu tofauti. Shida kubwa ninaona ni kwamba watu wanajibu swali la bei na la uzuri, na pusete inachaguliwa na vitu vingine kabisa: umri wa mgongo wa mtoto, na barabara yenye unapita kila siku.

Tuanze na majina, juu hapo njo vurugu inaanzia. Sisi kila kitu chenye magurudumu na mtoto ndani tunaita pusete, lakini kuko aina zake. Kuko lando, ni kitanda kidogo juu ya magurudumu, chini kumenyooka kama meza, mtoto analala chali. Kuko pusete yenyewe, ni kiti, mtoto anakaa na mgongo unaegemea. Kuko pusete-kani, ile ya kukunja kama mwavuli, nyepesi, mishikio miwili imepinda kama bakora ya mzee. Na ile wanaita trio ni miguu na magurudumu ya aina moja, juu unabadilisha: leo lando, kesho kiti, na siku ya safari unaweka ile kiti ya mtoto ya mu gari. Kwa hiyo mtu akikuambia "nunua pusete" bado hajakuambia kitu, ni kama kukuambia nunua kiatu bila kuuliza kama unaenda shambani ama kanisani.

Sasa shingo. Mtoto mchanga kichwa chake ni kizito sana ukilinganisha na mwili, na misuli ya shingo haijaweza kukibeba. Ukimukalisha kwenye kiti yenye imesimama, kichwa kinaanguka mbele, kidevu kinagusa kifua, na njia ya hewa yake ambayo ni nyembamba na laini inakunjika. Chukua mrija wa juisi, ukunje katikati, kisha jaribu kunywa. Njo vile. Na mtoto wa wiki tatu hawezi kuinua kichwa mwenyewe, na hawezi kulia kama hewa haipiti, anaonekana tu amelala vizuri. Ndiyo maana mpaka miezi 6 hivi, yaani mpaka mtoto anakaa mwenyewe bila kushikwa, anatakiwa kulala sawa. Kule Ulaya kuko sheria ya viwanda, inaitwa EN 1888, inasema kiti yenye mgongo wake haufunguki kufika digri 150 haifai mtoto mwenye hajafika miezi 6. Digri 150 si kitu ya kupima na mashine: digri 90 ni kiti cha shule, digri 180 ni mkeka chini, 150 iko karibu na mkeka kuliko kiti cha shule. Kama unaona mgongo unaishia katikati ya ile safari, hiyo ni ya mtoto mkubwa, ata kama muuzaji anaapa.

Na pusete-kani zile rahisi, mingi yake mgongo hauendi mbali. Haikutengenezwa kwa mtoto mchanga. Mwenye aliianzisha ni Owen Maclaren, Mwingereza, mhandisi wa ndege, alifanya kazi kwenye magurudumu ya kutua ya ndege ya vita Spitfire, na mwaka 1965 akachukua ile akili ya vyuma vya ndege vyenye vinajikunja akaiweka kwenye pusete ya aluminiamu yenye ilikua na uzito wa kilo 3 hivi. Alifikiria mtu wa safari, mtu wa kupanda ndege na gari, mu njia laini. Ni kazi nzuri sana ile, lakini hakuona Goma, na hakua anafikiria mtoto wa wiki tatu.

Hapo hapo niseme juu ya ile kiti ya gari ya trio. Watu wanaipenda juu mtoto akilala mu gari humuamshi, unaifunga tu juu ya magurudumu na unaendelea na soko. Ni sawa kwa dakika kidogo. Lakini ile kiti imepinda makusudi kumulinda mtoto gari ikigonga, na ule mpindo njo unaleta kidevu ku kifua. Waganga wa watoto wanashauri usimuache ndani zaidi ya saa 2, na kwa mchanga kabisa punguza tena. Ukifika, mutoe, mulaze pahali pamenyooka. Na mto mdogo wenye koko anashonea mtoto kwa mapenzi ili "kichwa kikae vizuri", mu pusete usiuweke, unasukuma kichwa mbele, na ukitereza unaweza kumufunika uso.

Tuje sasa ku barabara, hapa niko na mengi.

Mwenye hajui Goma afikirie mji wenye umejengwa juu ya volkano. Nyiragongo ilishuka mpaka katikati ya mji tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, na tena ikatoka tarehe 22 mwezi wa tano 2021 upande wa kaskazini, na ile mawe meusi njo barabara yetu, njo ukuta wetu, njo parseli. Ukitoka ku lami, hatua kumi tu, uko juu ya mawe yenye yanakata kiatu. Gurudumu ya pusete-kani ni ndogo, sentimita 15 hivi kwa upana wake wote, maana yake katikati yake iko sentimita 7 na nusu toka chini. Jiwe likiwa na urefu kama ule wa katikati ya gurudumu, haliwezi kupandwa kabisa, ata usukume namna gani, gurudumu inagonga tu kama umegonga ukuta. Na jiwe kama ngumi ya mtu mzima liko karibu na urefu ule ule. Gurudumu ya sentimita 30, ile ya pusete za njia mbaya, jiwe lile lile linafika nusu tu ya ile katikati yake, inalipanda.

Ukitaka kuelewa bila hesabu angalia chukudu. Ile ni kama trotineti kubwa ya mbao, inabeba mizigo ya mamia ya kilo toka milimani, na tazama wenye wanaitengeneza wanafanya nini: gurudumu wanalivisha kaucu ya tairi ya zamani, na wanaweka resori mbele. Kaucu inashika chini na inakula kishindo, resori inamaliza kishindo chenye kaucu haikukula. Hiyo njo amortiseri. Pusete nzuri ya Goma iko na vitu vile vile, gurudumu kubwa, kitu laini juu yake, na resori yenye unaiona ikishuka ukiikandamiza na mkono. Gurudumu ya plastiki tupu, ile yenye inalia kra-kra-kra ku mawe, mtoto anaipokea yote mu mgongo.

Kwa mtoto wangu wa pili nilikua na ile ya mwavuli. Siku moja natoka ku soko ya Virunga, mtoto alikua na miezi kumi, natembea haraka juu mvua ilikua inakuja, gurudumu la mbele likaingia kati ya mawe mawili na likakwama, mimi sikujua, mikono yangu ikaendelea kusukuma. Pusete ikalala mbele yote. Nilisikia moyo unatoka. Mikanda njo ilimushika, ile ya pointi tano, mabega mawili, kiuno pande mbili, na moja kati ya miguu, akabaki ananing'inia uso sentimita kidogo toka jiwe, analia, hana hata kidonda. Angekua na ule mkanda wa kiuno peke yake angetoka juu kama shati inatoka kichwani. Toka siku ile mtu akinionyesha pusete, kitu cha kwanza nashika ni mikanda, nahesabu tano.

Juu ya pine: kuko za hewa kama za kinga, na kuko za povu ngumu hazina hewa. Ya hewa inatembea vizuri zaidi ku mawe, lakini mawe yetu yanatoboa, na mrija wa ndani wa kipimo cha pusete si kila kwado yuko nao. Kama kwado wa kona yako anaweza kuiziba, chukua ya hewa na furaha. Kama hapana, ile ya povu nzito na kubwa itakusumbua kidogo tu. Magurudumu ya mbele yenye yanazunguka pande zote iko mazuri mu magazini na ku lami, ila ku mawe yanakimbia ovyo, kwa hiyo tafuta yenye iko na kitu cha kuyafunga yatazame mbele peke yake.

Ndugu wa Bukavu, kwenu mawe si shida kubwa kama mteremko. Mtu wa Kadutu anajua, ukiachia kitu chenye magurudumu kinafika chini mbele yako. Kwenu freni njo ya kwanza: ikanyage, kisha sukuma na nguvu zako zote, isitembee hata kidogo. Na funga kamba toka ku mshikio mpaka ku mkono wako. Na kama nyumba yenu iko na ngazi themanini za kupanda, niseme tu wazi, pusete ya kilo 14 utaichukia wiki ya kwanza. Wa Lubumbashi mji wenu umelala sawa, gurudumu za katikati zinatosha, shida yenu ni lile vumbi jekundu la kiangazi mu viungo vya pusete na mu kifua cha mtoto.

Na hewa. Hii kitu watu hawaiongeleake na mimi naiona kubwa kuliko rangi na brandi. Mtoto wa mu mgongo anapumua hewa ya kimo cha mama. Mtoto wa pusete anapumua kati ya nusu mita na mita moja toka chini, pale pale moshi wa pikipiki na makamio unatokea. Watu wa chuo kikuu cha Surrey, Uingereza, mwaka 2018 waliandika kwamba mtoto mu pusete anaweza kupokea uchafu wa hewa mpaka asilimia 60 zaidi kuliko mzazi mwenye anamusukuma. Kwa hiyo kiti yenye iko juu ni bora kuliko yenye inakaa karibu na ardhi, na ku rond-point yenye makamio yamesimama, usisubiri mbele ya egzosi, rudi nyuma kidogo.

Kwetu Goma kuko tena mazuku. Ile hewa mbaya yenye inatoka mu ardhi, gesi ya kaboni, ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa hiyo inakaa chini, mu mashimo na mu mabonde madogo, upande wa magharibi kandokando ya ziwa, Himbi, Keshero, Lac Vert, mpaka kule kuelekea Sake. Haina rangi, haina harufu yenye itakuonya. Mbuzi anakufa pale mchungaji wake anabaki amesimama, juu tu pua ya mbuzi iko chini. Pusete inaweka pua ya mtoto kwenye kimo cha mbuzi. Kama unakaa upande ule, usishushe pusete mu shimo, asubuhi mapema na usiku pale upepo umelala njo mbaya zaidi, na pahali penye majirani wanasema pako na mazuku, mtoto apite mu mikono, juu.

Jua na vumbi vinafanya bamama wafunike. Naelewa, mimi pia nilifunika, unachukua kitenge unaangusha mbele, mtoto analala, vumbi haingii. Lakini mwaka 2014 gazeti moja la Sweden lilijaribu: lando bila kitambaa ilikua digri 22, wakafunika na kitambaa chepesi, dakika 30 ikafika 34, saa moja ikafika 37. Na hiyo ni jua la Sweden! Sisi tuko karibu na ikweta, juu ya mita 1,500 hivi, na kila mita 1,000 unapanda mionzi ya jua inaongezeka asilimia 10 hivi, hata kama mwili unasikia baridi ya ziwa. Kwa hiyo tafuta pusete yenye kofia kubwa inayoshuka mbali, kwa vumbi na mbu weka mustikere yenye hewa inapita na wewe unaona uso wake. Plastiki ya mvua ikisha mvua unaitoa, usiiache juu eti bado mawingu.

Kutazama wewe ao kutazama barabara? Kwa mwaka wa kwanza mimi niko upande wa kutazama mama. Mtafiti moja wa chuo kikuu cha Dundee, Suzanne Zeedyk, mwaka 2008 aliona wazazi wenye mtoto anawatazama wanamuongelesha karibu mara mbili zaidi ya wengine. Mtoto anajifunza maneno ku midomo yako. Na tena unaona kama kidevu kimeanguka.

Nirudi ku maneno ya mama mkwe, juu namuheshimu na nusu ya maneno yake ni kweli. Kuheka hakupindishi miguu kama wengine wanasema, tena waganga wa mifupa wanasema ule mkao wa miguu imefunguka pande mbili za mgongo wa mama unasaidia kiungo cha nyonga kikae sawa. Kuheka ku avenyu ya mawe kunashinda pusete yoyote, na sioni pusete yenye itapita pale mama na kitenge wanapita. Lakini pusete kulegeza miguu, hapana. Mtoto anatembea pale misuli na ubongo vimefika, chenye kinamuchelewesha ni kufungwa mu kiti siku nzima, iwe pusete, iwe kitu kingine. Mutoe, muweke ku mkeka, agaragare, atambae. Na mgongo wa mama mwenye amepasuliwa kuzaa, ama koko wa miaka 65 mwenye anabaki na mtoto, nao iko na haki ya kupumzika.

Kuko pia wenye wanaogopa mitikisiko itaharibu ubongo. Ule ugonjwa wenye walisikia unatokana na mtu mzima kushika mtoto na kumutikisa kwa nguvu na hasira, mawe ya barabara si kitu kimoja na hiyo. Ila mwenye hajashika shingo usimupitishe mu mawe mabaya, na kukimbia na pusete ngoja apite miezi 6.

Na bei kali? Inaonyesha tu bei. Nimeona pusete ya franga mingi yenye gurudumu za kutembea mu duka kubwa za Dubai. Ya okazioni inaweza kua nzuri kabisa, lakini ifungue na uifunge mara tano mwenyewe, usikilize ile "tak" ya kufunga, kisha itikise, isianguke. Weka macho ku viungo: mwaka 2009 kule Marekani pusete karibu milioni 1 zilirudishwa juu viungo vyake vilikua vinakata ncha za vidole vya watoto pale mtu anaifungua. Mtoto asiwe karibu wakati unakunja. Nusa kitambaa, mu kontena kinashika ukungu. Na usitundike mfuko wa soko ku mshikio, viazi vya kilo tano nyuma na mtoto wa kilo sita mbele, jiwe moja tu na pusete inalala chali. Mzigo uende chini, mu kapu ya kati ya magurudumu.

Sasa ile ya mdogo wangu. Tulichukua mchele wa kilo 10, juu mtoto wa mwaka moja ana kilo 9 ama 10 hivi, tukaufunga mu kiti na mikanda yote mitano kama mtu, tukatoka ku avenyu. Watoto wa jirani wakatufuata. Mita hamsini za mawe, kwenda na kurudi, mdogo wangu anasukuma na mkono moja, juu mkono wa pili mama daima anashika kitu kingine. Amortiseri ilishuka vizuri, mikanda haikulegea, lakini gurudumu za mbele zilikwama mara mbili mpaka tukazifunga zitazame mbele, na ku geti ikaonekana ni pana kuliko kimlango, inabidi kufungua kubwa. Mama mkwe alisimama ku baraza akitazama mchele unarudi mzima.

Mdogo wangu akaamua hivi: kiti ya gari imerudi mu karto mpaka kukue gari. Lando inatoka jioni tu, ku lami, pale jua limeshuka. Toka nyumbani mpaka ku lami mtoto anahekwa, na mama mkwe njo mwenye anaheka.